Risasi Isiyo na Mwenyewe

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza wa Kwachambo kupanda ndege, na asiyeamini akaulize. Akiuliza vizuri ataambiwa pia kwamba nilipanda kama msindikizaji wa mzigo, nikakalishwa karibu na choo, na nikafumba macho tangu tunapaa hadi tunatua. Watu wakiniuliza mawingu yakoje kwa karibu, huwajibu kwamba yanafanana na ugali wa muhogo uliosongwa na mvivu. Sijayaona. Lakini ugali wa namna hiyo nimeuona mara nyingi, hasa kwa mke wa shemeji yangu.

Nina elimu pia. Darasa la nne, na hilo la nne nililipenda kiasi cha kulirudia. Nawaambia mapema ili mjue kwamba haya nitakayoyasimulia niliyasoma mwenyewe, herufi moja moja, maana hiyo ndiyo kasi yangu.

Nchi yetu inaitwa Mbeleko, kwa sababu serikali imetubeba mgongoni. Aliyebebwa mgongoni haoni anakopelekwa, anaona kisogo tu, na kisogo cha serikali yetu tunakifahamu vizuri. Kinang'aa.

Zamani waheshimiwa wa Mbeleko walipanda ndege na bastola zao kiunoni, kama sisi tunavyopanda lori na kuku wetu kwapani. Siku moja bastola ya Waziri wa Anga na Amani ikakohoa yenyewe katikati ya safari, ikatoboa paa la ndege. Abiria walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya hotuba. Basi ikaundwa kamati ya watu kumi na wawili, ikazunguka nchi saba kuuliza swali moja: bastola ikisafiri, inasafirije? Walirudi wamenenepa, na Waziri akaitisha mkutano wa hadhara.

"Ndugu wananchi," alisema, "silaha ya kiongozi ni kiungo cha mwili wake! Nani kati yenu angependa mkono wake usafiri bila kutangazwa? Kuanzia leo, katika anga ya Mbeleko, kila silaha itatangazwa, itapumzishwa, itatenganishwa na risasi zake, na kila risasi itakuwa na mwenyewe. Risasi isiyo na mwenyewe ni yatima, na Mbeleko hatuna yatima!"

Nilisikia hotuba hiyo redioni nikimenya muhogo. Nikapiga makofi na kisu mkononi. Kovu ninalo mpaka leo, ndiyo medali yangu.

*

Sheria ilipopita ikatakiwa bango kubwa la kuwekwa uwanja wa ndege wa Makao, mji wetu mkuu, ili kila mwenye bastola alione. Kazi hiyo alipewa mwanangu Donati.

Donati alikuwa kitinda mimba wangu. Miaka thelathini na mmoja, fundi wa kuandika mabango, mrefu, mwenye rangi kwenye kucha hata siku ya Jumapili. Herufi nilimfundisha mimi, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko. Zote nilizimudu isipokuwa R. Mguu wake wa mbele sikujua pa kuumalizia, nikawa nauvuta, nauvuta, mpaka unapinda juu kama mkia wa jogoo. Mtoto akadhani ndivyo R ilivyo. Alipofika mjini mafundi wakamcheka. Akawajibu, "Hiyo ni R ya mama," na hakuiacha.

Alinipigia simu ana furaha. "Mama, bango lina urefu wa ng'ombe watatu! Nimeandika sheria za bastola."

"Wewe na bastola wapi na wapi?"

"Naandika tu, mama. Mji mzima ngazi yangu ndiyo pekee inayofika juu."

Wiki moja baada ya kulimaliza bango, alikuwa anavuka Barabara Kuu na ngazi ile, yeye ameshika mbele, mwenzake ameshika nyuma. Ngazi ya vipago kumi na sita haivuki barabara upesi. Kichwa kinafika ng'ambo, mkia bado uko huku. Ukaja msafara wa waheshimiwa na honi zake. Kwetu Mbeleko honi ya mheshimiwa ikilia, mwananchi anatakiwa awe ameondoka kabla haijalia.

Mwenzake alinipigia simu. Alisema, "Mama, ngazi," simu ikakatika, na tangu hapo namba yake haipatikani.

Nikaondoka na lori la vitunguu, siku mbili njiani, mpaka Makao. Hospitali wakanipa cheti kimeandikwa HOMA YA GHAFLA, wakanipa na jeneza lililokwisha kupigiliwa misumari, juu yake lakiri nyekundu ya serikali: LISIFUNGULIWE. Niliomba nimwone uso tu. Ofisa akasema homa ya aina hiyo huambukiza kwa kutazamwa. Akanisihi pia nisilie mbele za watu, nitawatia hofu wananchi. Nikamwahidi. Machozi nilikuwa nayo mengi, lakini nilitaka kuyafikisha nyumbani bila kuyamwaga njiani, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani.

Ngazi nayo ilikamatwa. Nasikia mpaka leo iko mahabusu, inahojiwa.

*

Nilipotaka kurudi na jeneza, daraja la Mto Kizuka lilikuwa limeanguka. Daraja hilo limezinduliwa mara tatu na kuanguka mara nne. Ile ya nne hatujui lilitoa wapi nguvu. Ikabaki ndege, inayokwenda kwetu mara moja kila wiki mbili. Mafundi wenzake Donati wakanitafutia nafasi. Ndege ilikuwa iondoke saa nne asubuhi. Nikiikosa, mwanangu angekaa wiki mbili katika banda la bati, na joto la Makao mnalijua. Nilitaka jambo moja tu: nimzike jioni ile ile, kando ya baba yake, chini ya udongo anaoujua.

Uwanja wa ndege ni mzuri, msidanganywe. Kuna Chumba cha Mapumziko ya Silaha, chenye zulia, feni na mapazia ya kijani. Nilichungulia. Bastola zimelazwa juu ya mito midogo, kila moja na jina lake. Mhudumu aliyevaa glovu nyeupe alikuwa anaipepea moja kwa gazeti, maana feni haikuifikia vizuri.

Jeneza la Donati lilikuwa nje, katikati ya matenga ya nyanya na godoro la mtu.

Kaunta ya mizigo alikaa binti mmoja anaitwa Zamda, mwembamba, ana kalamu mbili sikioni. Akaupa mzigo wangu namba kumi na saba. "Pole, bibi," akasema taratibu, kisha akaamuru jeneza lipitishwe kwenye mashine.

Mashine ikalia.

Jamani, ililia. Ililia kwa sauti, bila kificho, mbele za watu wote. Nchi nzima nilikuwa sijaona aliyemlilia mwanangu hadharani, na sasa analiliwa na bati. Nikashika ukuta.

"Kuna chuma ndani," Zamda akasema.

"Misumari, mwanangu. Wameipiga mingi, utadhani atatoroka."

"Misumari naijua inavyolia, bibi. Hii ni risasi." Akageuza kioo nione. Mimi sikuona risasi kwanza. Niliona mabega. Mabega ya Donati, meupe kama moshi, moja limeinuka kidogo kuliko jingine, kama alivyokuwa akisimama tangu mdogo. Halafu ndipo nikaona, hapo katikati, kitu kidogo cheusi kama mbegu ya papai.

Ndivyo nilivyomwona mwanangu kwa mara ya mwisho.

*

Akaitwa Meneja wa uwanja, bwana mnene aliyekuja na tai yake begani, upepo ulikuwa umeirusha na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akasoma cheti. Akatazama kioo. Akasoma cheti tena.

"Homa hii ina risasi," akasema.

"Labda ndiyo dalili yake, bwana mkubwa," nikamsaidia.

"Marehemu alikuwa na leseni ya kumiliki risasi?"

"Hakuwa nayo."

"Basi amekutwa na risasi kinyume cha sheria. Hili ni kosa kubwa. Kwa nini hakuitangaza?"

"Nadhani hakupata nafasi."

Meneja akashusha pumzi, kama mtu mwenye huruma anayezuiwa na majukumu. "Mama, mimi binafsi nakuonea uchungu. Lakini Mbeleko inaongozwa na sheria. Risasi hii haina mwenyewe, kwa hiyo haipandi ndege. Jeneza litakaa stoo ya vitu vilivyopotea mpaka mwenye risasi ajitokeze."

"Na asipojitokeza?"

"Kila mwaka tunapiga mnada."

Nilitaka kukaa chini na hapakuwa na kiti. Nikainua uso kutafuta pa kuyazuia macho yangu, nikaliona. Bango. Lilianzia mlangoni likaishia mbali kule, jeupe, herufi za buluu ndefu kama mkono wangu, SHERIA ZA KUSAFIRISHA SILAHA BINAFSI KWA NDEGE. Na katika SHERIA, na katika KUSAFIRISHA, R ilikuwa na mkia wa jogoo.

Nilinyoosha mkono niiguse. Sikufika. Lilikuwa juu sana, alitumia ngazi.

Sasa nitasemaje. Nililisoma bango lote, kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimsomea yeye ukutani. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye mstari wakaguna, mmoja akasema, "Bibi, tutafika Krismasi." Sikuwasikia. Nikasoma ya kwanza: silaha iwe tupu. Ya pili: ifungiwe katika kasha gumu, lenye kufuli. Ya tatu: risasi zikae kasha lake, mbali na silaha. Nikafika ya nne, R yake moja imesimama kama jogoo juu ya banda: MWENYE SILAHA ATATANGAZA RISASI ALIZOKABIDHIWA. HESABU ISIPOTIMIA, SILAHA HAIPANDI NDEGE.

Ndipo wahudumu wakaanza kukimbia na zulia.

*

Aliingia Mheshimiwa Lugendo, Kamishna wa Utulivu, kifua mbele na fimbo ya pembe mkononi. Alikuwa anasafiri kwa ndege ile ile, kwenda Kwachambo yetu kuzindua Wiki ya Kupambana na Homa. Mhudumu wa glovu akaleta bastola yake juu ya mto, akiitembeza kama bwana harusi.

Mheshimiwa alikuwa amekwisha kujaza fomu. Alikabidhiwa risasi sita, anazo sita. Zamda akafungua kasha la risasi akahesabu. Akahesabu tena.

"Mheshimiwa, ni tano."

"Sita. Nimeandika sita."

"Umeandika sita, mheshimiwa, lakini zilizomo hazijui kusoma. Ni tano."

Watu wakaangalia viatu vyao. Meneja akaona tai yake iko begani, akaishusha.

"Hiyo moja imebaki nyumbani," Lugendo akasema. "Juu ya meza. Nilikuwa naifuta vumbi."

"Basi dereva aifuate. Au bastola ibaki."

"Ibaki? Binti, unanijua mimi?"

"Shikamoo, mheshimiwa. Nakujua. Sheria ya nne," akaonyesha bango kwa kalamu, "iko hapo juu."

Lugendo akatazama saa. Mheshimiwa wa Mbeleko bila bastola ni kama jogoo aliyenyonyolewa. Hata wale wanaompigia makofi hupunguza vidole. Akainama kaunta, akashusha sauti. Lakini mimi nilikuwa pale pale, na mwanamke mzee hahesabiwi kuwa ana masikio.

"Sikiliza, mwanangu. Haipo nyumbani. Niliifyatua Jumatano, Barabara Kuu, tukiwa kwenye msafara. Palikuwa na mtu amebeba kitu kirefu. Nilimtishia tu."

"Ilianguka wapi?"

"Nitajuaje? Gari lilikuwa linakwenda."

Nilisikia. Nikasikia na mapigo ya moyo wangu, yakipiga kama mtu anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa. Kitu kirefu. Vipago kumi na sita. Ningeweza kumrukia, nina kucha bado. Lakini ningemrukia, ningefungwa, na Donati angepigwa mnada. Kwa hiyo nikafanya kile tunachokijua sisi tuliobebwa mgongoni. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Una shida gani?"

"Sina shida, baba. Nilitaka kukuambia tu kwamba imeokotwa."

"Nini?"

"Risasi yako. Iko kwenye mzigo wangu. Ilikaa bila mwenyewe, hawa wakanizuia nisisafiri nayo. Ukisema ni yako, hesabu yako imetimia, na mimi naondoka."

Mheshimiwa akatabasamu kwa mara ya kwanza. Hakuuliza mzigo gani. Watu wa namna yake hawaulizi mizigo, huonyeshwa tu pa kukanyaga. "Mnaona!" akawaambia watu. "Wananchi waaminifu bado wapo! Mama huyu ameokota mali ya serikali akairudisha. Binti, lete fomu."

Zamda alinitazama. Tulitazamana kidogo tu, kisha akatoa fomu, nakala tatu, akaandika polepole kwa mwandiko safi, akamsomea: "Mimi Kamishna Lugendo nathibitisha kwamba risasi moja iliyomo ndani ya mzigo namba kumi na saba ni mali yangu, niliyoifyatua Jumatano, Barabara Kuu. Ni sawa, mheshimiwa?"

"Sawa, sawa. Ndege inatungoja."

Akatia saini. Saini nzuri, yenye duara mbili na mstari mrefu chini, ya mtu aliyeizoea.

Nakala ya kwanza ikabaki kaunta. Ya pili ikabandikwa kwenye kasha la bastola. Ya tatu, kwa mujibu wa sheria, inabandikwa kwenye mzigo wenyewe. Zamda akatoka nje mwenyewe, akaibandika juu ya jeneza, kando ya ile lakiri nyekundu, akailainisha kwa kiganja mara nyingi kuliko gundi inavyohitaji.

"Safari njema, bibi," akasema. Kisha akaliambia jeneza, kwa sauti ndogo, "Safari njema, kaka."

*

Tulitua saa sita. Nimekwisha kusema sikuona mawingu. Nilifumba macho kwa sababu chini ya sakafu ile alikuwa amelala mwanangu, na nilitaka tusafiri wote wawili gizani.

Kwachambo nzima ilikuwa uwanjani, nusu kwa ajili ya msiba, nusu kwa ajili ya Wiki ya Homa, na wengine hawakujua tofauti. Tulipoanza kuelekea makaburini, msaidizi wa Mheshimiwa akaja mbio. Wamesikia kuna marehemu wa homa. Mheshimiwa anaomba jeneza lipitie jukwaani kwa dakika chache, liwe mfano hai.

"Mfano nini?" akauliza shemeji yangu.

"Mfano hai, mzee."

"Haya," nikasema. "Lipelekeni."

Likawekwa mezani, mbele ya Mheshimiwa Lugendo, na bastola ndani ya kasha lake pembeni ya glasi ya maji, kama kawaida yao. Akasimama.

"Ndugu wananchi wa Kwachambo! Tazameni adui alivyo mkatili! Kijana huyu, nguvukazi ya taifa, ameondolewa na homa. Homa! Angelala kwenye chandarua leo angekuwa nasi. Mimi mwenyewe nimelia. Namwahidi mama yake kwamba serikali itamsaka huyu aliyemuua mpaka maficho yake ya mwisho!"

Makofi. Nami nikapiga, safari hii sina kisu. Kisha nikanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, kuna karatasi hapa juu ya mwanangu. Naomba niisome, macho yangu ni ya darasa la nne, nikikosea mnisahihishe."

"Soma, mama, soma! Elimu haina mwisho."

Nikasoma. Herufi moja moja, kwa sauti ya ukutani. Mimi. Kamishna. Lugendo. Nathibitisha. Watu walianza kwa kutabasamu, wakidhani ni salamu za rambirambi. Nilipofika *risasi moja* shemeji yangu akavua kofia. Nilipofika *ndani ya mzigo* hapakuwa na mtoto aliyekohoa. Nikamalizia Jumatano, nikamalizia Barabara Kuu, na ndoo yangu, niliyoibeba tangu hospitali bila kumwaga tone, ikaniponyoka kichwani. Nililia, jamani. Nililia kuliko mashine.

"Hiyo saini si yangu," alisema Lugendo.

Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele, muuza maandazi, akainama mezani, akatazama kasha la bastola, akatazama jeneza. "Mbona ziko mbili, zimefanana?" akauliza. "Duara mbili na mstari chini."

"Bastola hii nayo si yangu. Nimeazimwa."

"Na risasi?"

"Ni homa," akasema Mheshimiwa, akaweka kiganja chake juu ya karatasi, juu ya kifua cha mwanangu. "Nawaambia ni homa." Lakini mkono wake ulikuwa mdogo, umefunika jina tu. Saini ilibaki nje, mstari wake mrefu unapita chini ya vidole vyake vyote vitano, na Kwachambo nzima ikawa inausoma.